Figo Mpya Ikishafika Mollo

Tarehe 21 Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, madaktari wake wakiwa pamoja na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi, India. Miezi minne baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza, ikishirikiana na Wajapani wa taasisi ya Tokushukai. Tangu hapo makumi ya Watanzania wamepata figo bila kupanda ndege kwenda nje. Ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Lakini kila ninaposoma habari ya upasuaji mwingine uliofaulu, natafuta aya ambayo huwa haimo: huyu mgonjwa akiruhusiwa anarudi wapi, na huko anakorudi nani atampima?

Tuseme anarudi Mollo. Ni jirani na mji wa Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, kwa wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, ambako Juni na Julai upepo unachoma kama sindano. Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, unapita Laela, unapita Tunduma. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Lami imetuondolea tope na siku za kulala njiani, umbali uko palepale. Mama huyu wa Mollo amerudi na figo ya dada yake, imewekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na atavinywa maisha yake yote. Akizidisha, vitaiumiza hiyo hiyo figo. Akipunguza, mwili wake utaishambulia. Na kiwango kilicho sawa kwake hakijulikani kwa kumtazama usoni. Kinajulikana kwa kipimo cha damu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sisi tumewekeza katika siku ya upasuaji, ilhali figo huishi au kufa katika miaka inayofuata. Utafiti wa kuzuia figo isikataliwe na isijeruhiwe umefanyika kwa zaidi ya miaka 70 katika miili ya watu wengine, hali ya hewa nyingine na magonjwa mengine. Sehemu kubwa ya matunda yake inatufaa. Ipo sehemu isiyotufaa kama ilivyo, na hiyo ni lazima tuitafiti wenyewe.

Kwa nini mwili ukatae kitu kinachouokoa? Jibu la kwanza la uhakika lilitoka kwenye majeraha ya moto ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943, Peter Medawar na daktari Thomas Gibson walieleza habari ya mgonjwa wa Glasgow aliyeungua vibaya, akawekewa vipande vya ngozi ya ndugu yake. Vilishika kwanza, kisha vikaoza na kuanguka. Walipoweka vingine vya ndugu yule yule, vilianguka haraka zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka. Kwa hiyo kukataliwa ni kazi ya kinga ile ile inayotukinga na surua na ndui, yenye kumbukumbu na yenye hasira zaidi mara ya pili.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa ng'ombe, na wafugaji wetu wa Rukwa wangeuelewa bila mwalimu. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike mara nyingi huwa tasa. Sababu ni kwamba damu za pacha hao zilichanganyika tumboni. Mwaka 1945 Ray Owen wa Marekani aligundua kwamba ndama wa namna hiyo, hata wakikua, hubeba seli za damu za mwenzao na hawazikatai. Medawar na wenzake wakapandikiza ngozi kati ya pacha wa ng'ombe, wakaona inakubalika. Mwaka 1953 wakaonyesha kwa panya kwamba mwili unaweza kufundishwa mapema kumhesabu mgeni kuwa wa nyumbani. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Katikati ya hayo, tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray alipandikiza figo huko Boston kutoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake wa kufanana kabisa, na mpokeaji akaishi miaka minane. Ilifaulu kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kukataliwa. Kwa sisi wengine tusio na pacha wa kufanana, ilibidi zitafutwe dawa.

Dawa zenyewe zilitoka ardhini. Siklosporini ilitokana na kuvu lililopatikana kwenye udongo wa Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi na upepo huko Norway. Jean-François Borel na wenzake wa kampuni ya Sandoz, Uswisi, walitambua kwamba inazituliza seli za kinga bila kuziua zote. Marekani iliiruhusu mwaka 1983 na mambo yakabadilika: kabla yake, figo iliyotoka kwa marehemu ilikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu hivi ya kumaliza mwaka. Takrolimasi, ambayo leo ndiyo nguzo ya matibabu haya, ilipatikana mwaka 1984 kwenye udongo wa chini ya mlima Tsukuba, Japani. Sirolimasi ilitokana na udongo uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Nikiyafikiria haya naiona ardhi ya Ufipa. Wazee wetu walilima kwa ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze, kisha hutawanywa msimu unaofuata. Ni kilimo kilichojengwa juu ya kazi ya kuvu na bakteria kwa vizazi vingi, kwenye uwanda wa juu wenye baridi. Sidai kwamba chini ya ntumba za Mollo kuna dawa inayosubiri. Nadai kwamba swali hilo linastahili kuulizwa na vyuo vyetu, Sokoine na Muhimbili, kabla hajaja mtu na mfuko wake kuchota udongo. Dawa iliyotokana na udongo wa Rapa Nui imeuzwa kwa fedha nyingi duniani, na jina lake la kwanza, rapamaisini, ndilo pekee linalokumbusha kisiwa kile.

Sasa turudi kwa mama yetu na vidonge vyake, maana hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani wasomaji wengi hawajalisikia. Takrolimasi ikishamezwa huvunjwavunjwa utumbuni na kwenye ini na vimeng'enya, kimojawapo kikiitwa CYP3A5. Wazungu wengi walizaliwa na jeni ambalo halitengenezi kimeng'enya hicho kwa kiasi cha kutosha. Waafrika wengi, sisi wa Afrika Mashariki tukiwemo, tunakitengeneza. Matokeo yake, kidonge kile kile kinachomtosha mtu wa Berlin huenda kikaisha katika damu ya mtu wa Sumbawanga kabla hakijafanya kazi yake. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2015 unashauri kwamba mwenye kimeng'enya hiki aanziwe dozi ya mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya kawaida, kisha apimwe mara kwa mara.

Fikiria maana yake. Wiki za kwanza baada ya upasuaji ndizo za hatari kubwa ya kukataliwa. Mtu mwenye jeni letu akianziwa dozi iliyokokotolewa kwa mwili usio wake, anapita katika wiki hizo akiwa na dawa pungufu katika damu. Daktari akiona hivyo akapandisha bila kupima, anaweza kupitiliza, mikono ikaanza kutetemeka, sukari ikapanda, figo ikaanza kuumizwa na dawa iliyoletwa kuilinda. Huu si uzembe wa mtu. Ni elimu iliyopatikana kwa watu wachache ikapelekwa kwa wote. Na dozi kubwa maana yake ni vidonge vingi, na vidonge vingi ni fedha nyingi, kila mwezi, kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka akishauza mahindi.

Wapo waliokwisha kuliona tatizo la fedha wakalitafutia njia ya kitafiti. Watafiti wa Mansoura, Misri, na wenzao wa India walijaribu kumpa mgonjwa ketokonazoli, dawa ya zamani na ya bei nafuu ya fangasi, ambayo huzuia vile vimeng'enya vinavyovunja siklosporini na takrolimasi. Dozi ya dawa ghali ikapungua sana na kiwango katika damu kikabaki pale pale. Njia hiyo ina hatari zake kwa ini na inataka uangalizi wa karibu, kwa hiyo mgonjwa asithubutu kujifanyia mwenyewe. Ninachokipenda ni namna ya kufikiri: waliona mgonjwa wao hana uwezo, wakaufanya upungufu huo kuwa swali la sayansi. Je, njia hiyo ingekuwaje kwa mtu mwenye CYP3A5 inayofanya kazi kwa nguvu, anayeishi Rukwa? Swali kama hilo lilipaswa kuulizwa kwetu kabla ya kuulizwa kwingine kokote.

Halafu kuna kifua kikuu. Mtu aliyeshushwa kinga yuko katika hatari kubwa zaidi ya TB kuamka mwilini mwake, na nchi yetu ina TB nyingi. Nguzo ya matibabu ya TB ni rifampisini, na rifampisini huamsha vimeng'enya vile vile vikaila takrolimasi kwa kasi ya ajabu. Mgonjwa akianzishiwa dawa za TB kwenye kituo ambacho hakijui ana figo ya kupandikizwa, au kinajua lakini hakina wa kumuuliza, kiwango cha dawa kinaporomoka ndani ya siku chache na figo inaanza kukataliwa huku kikohozi kikipona. Dozi ya takrolimasi inaweza kuhitaji kupandishwa mara kadhaa, au rifampisini ibadilishwe na rifabutini. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi kwa kukisia. Upande wa VVU ni hivyo hivyo: baadhi ya ARV hushusha kiwango cha takrolimasi, nyingine hukipandisha mno. Waafrika Kusini wamekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2008, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, daktari Elmi Muller alianza kupandikiza figo za marehemu waliokuwa na VVU kwa wagonjwa wenye VVU, jambo ambalo dunia ilikuwa haijathubutu. Hospitali ni ile ile ambako Christiaan Barnard alipandikiza moyo tarehe 3 Desemba 1967, na mgonjwa wake akafa siku ya 18 kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa. Moyo wenyewe ulikuwa bado unapiga vizuri.

Niseme neno na juu ya wanaotoa. Kwetu figo hutolewa na aliye hai, ndugu wa mgonjwa. Hilo lina faida: kati ya ndugu wa baba na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mwenzake katika zile alama za seli ambazo kinga huzitazama kwanza. Figo pia haikai muda mrefu nje ya mwili. Lakini mwaka 2010 watafiti walitangaza jambo lililonigusa sana mimi ninayetoka katika ukanda wa ndorobo. Katika damu yetu kuna protini iitwayo APOL1, ambayo huua vimelea vingi vya jamii ya vile vya malale. Baadhi ya Waafrika walirithi aina zake mbili maalumu, ambazo hushambulia hata kimelea cha malale ya mashariki kilichojifunza kuishinda APOL1 ya kawaida. Aliyerithi aina hizo kutoka kwa baba na pia kwa mama hupata gharama yake: figo zake ziko katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika. Figo ya mtu kama huyo ikipandikizwa kwa mwingine, hudumu muda mfupi zaidi, na yeye mwenyewe aliyebaki na moja anaweza kujikuta hatarini. Aina hizi zimejaa zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu. Hata hivyo, familia ikileta dada kumtolea figo dada ambaye figo zake zimekufa bila sababu inayoeleweka, damu yao ni moja, na swali la APOL1 ni la kumlinda mtoaji. Marekani wana utafiti mkubwa juu ya jambo hili, unaowahusu watu wa asili ya Afrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Sisi tuliobaki huku ambako malale yenyewe yalikuwa, tunasubiri majibu kutoka kwao. Hilo linaniuma.

Na wanawake. Mimba humwachia mama kingamwili dhidi ya alama za seli alizorithi mtoto kutoka kwa baba. Mama aliyezaa mara sita au saba, kama walivyo wengi kwetu, anaweza kuwa na kingamwili tayari dhidi ya mumewe. Mume akijitolea figo kwa upendo wote, inaweza kugeuka nyeusi mezani ndani ya dakika chache. Ndiyo maana, tangu Paul Terasaki na mwenzake waonyeshe umuhimu wake mwaka 1969, imekuwa kawaida, kabla ya kupandikiza figo, kuchanganya kwanza damu ya mpokeaji na seli za mtoaji maabara. Watoto wa mama huyo nao hubeba nusu ya alama za baba yao, kwa hiyo hata wao wanaweza kuwa na figo asiyoweza kuipokea. Kuongezewa damu wakati wa uzazi huongeza tatizo. Kwa hiyo figo ya mama wa Ufipa ina historia ya uzazi wake ndani yake, na programu yoyote ya upandikizaji inayotaka kumhudumia inapaswa kuwa na maabara yenye nguvu kuliko ile inayotosha nchi ambayo mwanamke huzaa mtoto mmoja au wawili.

Kuna jeraha jingine ambalo halitokani na kinga, ingawa huiamsha. Figo ikikatwa kutoka mwilini inakosa damu. Ikirudishiwa damu, badala ya kupona moja kwa moja, huumia upya. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge na wenzao walieleza sehemu ya sababu: wakati wa kukosa hewa, tindikali iitwayo saksineti hujilimbikiza ndani ya seli, na oksijeni ikirudi huungua ghafla na kutoa kemikali kali zinazotoboa seli kutoka ndani. Mjerumani Walter Land alikwisha kuonyesha mapema, mwaka 1994 huko Munich, kwamba wagonjwa waliopewa dawa ya kuzima kemikali hizo wakati wa upasuaji walipatwa na kukataliwa kwa nadra zaidi baadaye. Yaani figo iliyoumia hupiga kelele, na kinga huisikia. Kwetu, ambako mtoaji na mpokeaji wako vyumba viwili vinavyopakana, jeraha hili ni dogo. Siku tutakapoanza kutumia figo za marehemu litakuwa tatizo kubwa, pamoja na barafu yake na saa zake za safari. Sioni sababu ya kukimbilia huko kabla hatujaweza kuwatunza vizuri waliopata za ndugu zao.

Ndoto kuu ya watafiti ni mgonjwa asiyehitaji dawa kabisa. Mwaka 2008 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walitoa taarifa ya wagonjwa waliopewa figo pamoja na uloto wa mtoaji yule yule. Baadhi yao waliacha dawa na figo zikaendelea kufanya kazi. Ni wale ndama pacha wa Owen, safari hii kwa mkono wa binadamu. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kugundua jinsi mwili unavyozizuia seli zake za kinga zisishambulie mwili wenyewe, na tayari kuna majaribio ya kutumia seli hizo za kuzuia kulinda figo zilizopandikizwa. Huenda nikaonekana nina haraka, lakini Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo, na tangu mwaka 2023 imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mikono miwili inayohitajika kwa njia ile ya Boston iko chini ya paa moja mjini Dodoma. Sisemi waanze kesho. Nasema vijana wao wasomeshwe elimu ya kinga kuanzia sasa. Habari za figo za nguruwe waliobadilishwa jeni, ambazo zimewekwa kwa wagonjwa walio hai Marekani tangu Machi 2024, nitaziacha. Ni kazi kubwa ya kisayansi, ila kwa mgonjwa wa leo wa Rukwa iko mbali.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu kivuli cha dawa hizi. Zamani, pasipokuwa na siklosporini, figo ya mtu baki haikuwa na thamani kubwa sokoni kwa sababu mara nyingi ingekataliwa. Dawa zilipoweza kuituliza kinga, figo ya maskini yeyote ikawa bidhaa. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya binafsi ya Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza tuhuma za vijana maskini kulipwa fedha kidogo kwa figo zilizouzwa ghali, tuhuma ambazo wenye hospitali walizikana. Uganda ilitunga sheria yake ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023. Kila utafiti unaorahisisha kukubalika kwa kiungo cha mtu baki unaongeza haja ya sheria na ya rejesta inayomfuatilia mtoaji pia, ajulikane yuko wapi na figo yake iliyobaki inafanyaje kazi miaka kumi baadaye.

Kufuatilia kwa miaka si jambo geni katika ukanda huu. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari na kusomea utabibu Malta, alifika Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Aliyetibiwa naye akiwa mtoto angeweza kumleta kwake mjukuu pia. Hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake. Alichokuwa nacho Atiman, zaidi ya dawa chache za wakati wake, ni kwamba hakuondoka, na kwa hiyo aliona mwisho wa kila tiba aliyoianza. Upandikizaji wa figo unahitaji tabibu wa aina hiyo, na kwa kuwa hatuwezi kumweka bingwa wa figo katika kila wilaya, tunahitaji mfumo wa kuziba pengo lake.

Sehemu kubwa ya mfumo huo tunayo tayari. Zahanati zetu huchukua matone machache ya damu kutoka kisigino cha mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, huyakausha kwenye kadi maalumu na kuituma kadi hiyo kwenye maabara kubwa. Haihitaji barafu wala gari la wagonjwa. Watafiti wa Uholanzi na kwingineko wamethibitisha kwamba kiwango cha takrolimasi nacho kinaweza kupimwa kutoka kwenye tone la damu lililokaushwa kwa namna hiyo hiyo. Mama wa Mollo angeweza kuchomwa kidole Sumbawanga asubuhi kabla ya kumeza kidonge chake, kreatinini yake, inayoonyesha figo inavyofanya kazi, ikapimwa hapo hapo siku hiyo, na kadi yake ikasafiri kwa basi la Mbeya wakati yeye anarudi shambani.

Kinachokosekana ni mashine ya kusoma kadi hiyo kwa takrolimasi na watu waliofunzwa kuitumia. Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ambacho kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa VVU na TB wa kiwango cha kimataifa. Wanajua rifampisini na wanajua kuwafuatilia watu vijijini kwa miaka bila kuwapoteza. Wakiunganishwa na Muhimbili na Benjamin Mkapa, kila Mtanzania aliyepandikizwa, hata aliyefanyiwa India, angeweza kuingizwa kwenye utafiti mmoja wa taifa: jeni lake la CYP3A5 lisomwe mara moja kabla ya upasuaji, dozi yake ianze kwa kulifuata, kiwango chake kipimwe popote anapoishi, TB yake iripotiwe kabla rifampisini haijaanza. Idadi yetu ni ndogo bado, na hiyo ni bahati, kwa sababu tunaweza kuanza na watu wote bila kumwacha hata mmoja. Nchi zenye maelfu zilishachelewa kufanya hivyo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wabunge wetu wa Rukwa wanapojadili bajeti ya afya, naomba waulize maswali mawili kwa jina. Je, kitita cha bima kinalipia takrolimasi kwa maisha yote ya mgonjwa, kwa dozi anayoihitaji yeye, au kwa dozi ya vitabuni? Na je, kinalipia kipimo cha kiwango chake? Dawa ikilipiwa bila kipimo, tutakuwa tunanunua vidonge vya gharama kubwa na kumwachia mtu wa Mollo akisie, na figo ya dada yake ikifa, atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, safari hii akiwa na kingamwili nyingi zaidi na ndugu mmoja pungufu wa kumtolea.